Kinyama cha Bibi

Jumapili, 7 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu kabla hujapokea maneno, maana maneno ya leo ni mengi. Mimi mzima, cherehani nzima, na mwanao Kifungo ni mzima kupita kiasi: asubuhi hii kamwaga pini zangu zote sakafuni, kisha akaniuliza kwa nini nimenuna. Wewe u hali gani? Mkono uliochomwa na pasi umepona?

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua zamu yangu ni yangu, nawe huna la kufanya ila kusoma hadi mwisho.

Jambo lenyewe ni vinyama vya shingoni mwangu. Unavijua. Vilianza nilipokuwa na mimba yako, kwa hiyo lawama ziende kwako. Havijawahi kuniuma, vimening'inia tu hapo kama watu wasio na kazi. Ila fundi tepu yake hukaa shingoni tangu anafungua duka hadi anafunga, na safari hii vimeongezeka. Wiki mbili zilizopita nampima mwalimu mkuu shati, nikaivuta tepu haraka kama ninavyoivuta siku zote, ikakwama kwenye kimoja. Likatoka tone moja la damu, na lisione pengine pa kudondokea ila kwenye kola nyeupe niliyokuwa nimeishika. Mwalimu mkuu akauliza kwa upole kama ugonjwa huo unaambukiza. Kwa upole! Afadhali angenitukana. Nikamwambia kwangu hauingii ugonjwa bila kupiga hodi.

Basi nimechukua hatua. Uzi ninao, mikono ninayo. Nilichukua uzi wa vifungo, ule uliopakwa nta, nikavifunga vile viwili vidogo vya nyuma kwa fundo ninalofungia vifungo vya makoti. Nilitumia kioo cha wateja na kile kidogo cha mkoba. Vimekauka na kudondoka vyenyewe. Fundi ni fundi.

Kile kikubwa cha upande wa kushoto sijakigusa, kwa sababu kina mwenyewe. Kifungo hulala akikishika. Akishapanda kitandani, mkono unakuja shingoni kwangu, anakitafuta kwa vidole viwili, anakiviringisha taratibu, na kabla hadithi haijafika popote amelala. Wewe ulikuwa hivyohivyo, usijifanye umesahau.

Ulisema unakuja Desemba kumchukua aanze shule huko. Tutaongea.

Mama yako


Jumanne, 16 Septemba

Shikamoo Mama,

Natumaini mpo salama wewe na mtukutu wako. Mimi sijambo, mkono umepona, na chumba cha kufulia hapa hospitali kina mashuka mengi kuliko wagonjwa. Mpe Kifungo busu la mashavu yote mawili.

Barua yako nimeisoma hadi mwisho kama ulivyoniamuru, nikasimama kwenye ule uzi. Mama! Huo ni mwili, si koti.

Bahati yako, jana daktari wa ngozi alikuja mwenyewe kutafuta koti lake. Nilikuwa nimeshalipiga pasi, nikalishika nyuma ya mgongo, nikamwambia, "Daktari, koti hulipati mpaka unijibu kuhusu mama yangu." Akacheka, akakaa juu ya kikapu cha mashuka. Nikamweleza: laini, vina rangi ya ngozi, vinaning'inia kwa kijishina, havina maumivu, vipo shingoni na kwapani.

"Hivyo ni vinyama tu," akasema. "Ngozi imeota ziada mahali inaposuguliwa. Mama yako anavaa mkufu?"

"Anavaa tepu."

"Basi ndiyo hiyo. Na umri, na uzito, na kurithi. Wengine huvipata wakiwa wajawazito."

Kwa hiyo lile la mimba yangu amekuunga mkono, furahi. Nikamuuliza kama ni sunzua. Akasema sunzua ni ngumu, zinakwaruza juu, na hizo ndizo zinazoambukiza. Hivi vyako havimwambukizi mtu, si saratani, wala havigeuki kuwa saratani. Mtu akitaka anaishi navyo maisha yake yote. Vikimkera, daktari anavikata kwa dakika chache, au anavigandisha kwa baridi kali, au anavichoma kwa umeme, baada ya kukipiga ganzi kile kikubwa.

Kuhusu uzi alikunja uso. Kidogo chenye shina jembamba huenda kikadondoka bila neno, lakini kikubwa kina mshipa wa damu ndani yake, ukikifunga vibaya kinaoza kikiwa bado kimeshika. Usikifunge hicho, Mama. Na akasema mtu mwenye vingi apime sukari, kwa sababu mara nyingine vinyama hivyo hutangulia kupiga kelele kabla sukari haijaonekana. Tena, kitu kilicho cheusi, chenye kingo zilizopinda, kinachokua haraka au kutoka damu bila kuguswa, hicho si kinyama hadi daktari aseme.

Koti nikampa.

Jumapili niliongea na Kifungo, nikamsikia akikwambia pembeni, "Bibi, ni Mama wa simu." Nilicheka wakati ule. Nilipokata simu sikucheka tena. Desemba nakuja, Mama.

Mwanao


Jumapili, 28 Septemba

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na za daktari wako uliyemteka nyara pia. Sisi hatujambo. Kifungo amepoteza jino la mbele na anajiona mtu mzima.

Nimekubali, si sunzua. Mwalimu mkuu alipokuja kuchukua shati nilimweleza mbele ya wateja wote, kwa sauti ya kutosha: haviambukizi, ni msuguano na umri na kurithi, na mwenye shaka akamuulize daktari. Akasema hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa nao, lakini alilipenda shati, tukayamaliza. Tepu sasa naiweka mfukoni, ingawa mkono bado unaitafuta shingoni. Sukari nitapima nikipata nafasi.

Habari ya uzi ilishatoka nje kabla barua yako haijafika. Jirani yangu muoka mikate alikuja na chake, chini ya kidevu, anataka nimfungie. Nikakitazama: cheusi, kipana, hakina shina, na anasema kilikuwa kidogo mwaka jana. Nikamwambia, "Hiyo si kazi ya uzi. Nenda hospitali." Amenuna, lakini amekwenda.

Sasa kile kikubwa. Hicho hakitoki. Umesema mwenyewe mtu anaweza kuishi nacho, nami nimeishi nacho tangu hujazaliwa. Si changu tena, ni cha Kifungo. Wiki iliyopita nilimjaribu: nikampeleka kwa muoka mikate alale kule na watoto wake, ambao anacheza nao kutwa nzima. Hata giza halijaingia vizuri nikaitwa. Mtoto analia mpaka anakohoa, mkono unapapasa shingo za watu. Nilimbeba mgongoni tukarudi, na kabla hatujafika mlangoni amelala, amekishika.

Kwa hiyo nauliza kama mtu mwenye akili: huko kwako atashika nini? Mwache mwaka mmoja tu. Shule ipo hapa ng'ambo ya barabara, namwona kutoka kwenye cherehani. Sare nitamshonea mwenyewe. Mwakani atakuwa amekomaa, utamchukua bila machozi.

Fikiri vizuri, usinijibu kwa haraka.

Mama yako


Jumatano, 8 Oktoba

Shikamoo Mama,

Nawaombea afya njema nyote. Mimi ni mzima wa mwili. Sijajibu kwa haraka, barua hii nimeichana na kuianza upya zaidi ya mara moja.

Nakuheshimu, na ndiyo maana nasema wazi. Kinyama hicho umekuwa nacho miaka yote kimekaa kimya, leo umekipa uwakili. "Mwaka mmoja tu" nimeisikia. Mara ya kwanza ilikuwa meno yanaota. Mara ya pili surua. Mwaka jana ilikuwa mvua, Mama, mvua! Kama vile huku niliko hainyeshi. Sasa ni shingo.

Nilimleta kwako hajaanza kutembea kwa sababu nilikuwa nalala chumba kimoja na wenzangu wa zamu, kitanda kimoja watu wawili kwa kupokezana. Ulimpokea hukuniuliza swali. Sitasahau hilo hata nikizeeka. Lakini sasa nina chumba changu. Kina dirisha, nimepaka rangi mwenyewe, chini kwenye pembe nimeacha mahali pa kitanda chake. Nimebembeleza hadi nikapewa zamu ya asubuhi tupu, ili nimkute akitoka shule.

Unauliza atashika nini. Nimejitazama kwenye kioo: shingo yangu haina kitu. Atalia, najua. Nitalia naye, tutajifunza. Mimi nilikuwa nalala nikikishika hichohicho, na siku moja niliacha, sikumbuki hata ilikuwaje. Watoto huacha. Ninachoogopa ni kingine: sasa hivi ni Mama wa simu. Mwaka mwingine ukipita sitakuwa hata huyo.

Unamng'ang'ania mtoto, Mama, unasingizia kinyama. Namtaka mwanangu.

Mwanao


Jumapili, 2 Novemba

Shikamoo Mama,

Hamjambo? Barua yangu haijajibiwa, na kila nikipiga simu anapokea Kifungo. Ananiambia Bibi yupo na wateja, Bibi amelala, Bibi hataki kuongea. Leo ameniambia Bibi amevaa kitambaa shingoni na hataki kiguswe.

Kama una hasira nami, nigombeze. Nimezoea. Ila usininyamazie. Huo si mwendo wako, na unanitia hofu.

Mwanao


Jumapili, 16 Novemba

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu zimepita siku ambazo nisingeweza kuliandika. Kifungo hajambo, muoka mikate anakusalimu, na wewe punguza hiyo hofu, kazi ya pasi inataka mikono isiyotetemeka.

Siku barua yako ilipofika niliisoma nikiwa kwenye cherehani. Nikaiweka chini ya mguu wa mashine. Nikachukua uzi wa vifungo, nikaukunja mara mbili, nikakifunga kile kikubwa. Nilijiambia, haya, hana raha mpaka kiondoke, acha kiondoke, aje akute shingo tupu na mtoto anayelia, nione atasema nini. Wanagenzi nimewafukuza dukani kwa kushona wakiwa na hasira, halafu mimi mwenyewe ndiye huyo.

Daktari wako alisema kweli. Vile vidogo shina lake lilikuwa jembamba kama uzi wenyewe. Hiki kilikuwa na shina nene, na fundo halikukaa chini kabisa. Hakikukauka, kilivimba. Kikawa zambarau, kikaanza kutoa maji, kisha usaha. Nikafunga kitambaa, nikawaambia wateja ni baridi. Shingo ikakakamaa hata nikawa namgeukia mteja mwili mzima kama kabati. Homa ikaja. Nikashona koti la mtu mikono yote miwili ya kushoto, ndipo muoka mikate alipoingia dukani akanivua kitambaa bila kuomba ruhusa.

Akakitazama. Akanitazama. Akasema, "Hiyo si kazi ya uzi."

Maneno yangu mwenyewe, mwanangu, na kwa sauti yangu ileile! Akanipeleka hospitali na unga bado mikononi. Chake, nikwambie upesi, kilikatwa kikapimwa, na si kitu kibaya. Walimwambia amefanya vizuri kwenda.

Daktari ni binti mdogo kuliko wewe. Aliukata uzi, akasafisha, akanipa dawa za kumeza, akanisema bila kupandisha sauti. Akasema hakitaondolewa mpaka uvimbe utulie, kisha kitatoka kwa utaratibu. Sukari nayo imepimwa. Imepanda, haijawa kisukari, lakini imeshika njia ya kwenda huko. Nimeamriwa kutembea, na chai bila sukari. Chai bila sukari ni maji ya moto yenye huzuni, ila ninakunywa.

Kifungo usiku wa kwanza wa kitambaa alipanda kitandani, mkono ukaja, ukakuta kitambaa. Alilia. Nililia na mimi. Nimekwambia hilo kwa sababu umeniambia wazi yako, nami nakwambia wazi yangu.

Mama yako


Ijumaa, 21 Novemba

Shikamoo Mama,

Namshukuru Mungu uko hai, na muoka mikate nitamletea zawadi mwenyewe. Barua yako nimeisoma nimesimama katikati ya mashuka, mashine zinaunguruma, na msimamizi akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, mama yangu tu.

Meza dawa zote hadi ziishe, hata ukijisikia mzima. Jeraha lisilowe. Usivae tepu. Usivae hata mkufu. Na tembea kweli, kwenda mlangoni na kurudi si kutembea.

Nimefikiri sana, na nimekata shauri. Kifungo abaki. Mwaka huu, na mwakani tutaona. Sisemi hivi kwa sababu umeshinda. Nasema kwa sababu mimi ndiye niliyekusukuma, nawe ukachukua uzi. Sitaki kuja kumbandua mtoto shingoni kwako na jeraha bado bichi. Nimekuwa namtaka kiasi kwamba sikukuona wewe kabisa. Nakuona sasa.

Chumba hakina miguu, kitanisubiri. Desemba nitakuja kuwaona, nitarudi peke yangu. Na kinyama hicho, kikipona, kama unataka kibaki kibaki. Hakina madhara. Usikitoe kwa ajili yangu.

Mwanao anayekupenda


Jumatatu, 8 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na shingo yangu inakusalimu yenyewe, maana leo inageuka kushoto na kulia bila kuniomba radhi. Dawa nimemaliza. Sukari imeanza kurudi nyuma. Ninatembea kila asubuhi hadi sokoni na kurudi, na muoka mikate, ambaye kwa mwendo ni kobe, sasa inabidi akimbie ili anifikie.

Kimetoka. Nilikwenda Alhamisi, kwa miguu yangu, bila kuburutwa. Binti daktari alinipiga sindano ya ganzi. Nimejichoma vibaya zaidi kwa sindano zangu mwenyewe nikiwa nacheka. Kisha akakikata kwa mkasi mdogo, mzuri, nikamuuliza anaunoa wapi. Akapachoma kwa kifaa kama kalamu ili damu isitoke. Harufu kama ya uzi ulioungua, basi, imekwisha. Nilikuwa nimekaa muda mrefu zaidi nje nikisubiri zamu. Amenionya kwamba vingine vinaweza kuota pengine, si kwa sababu hiki kimekatwa bali kwa sababu ngozi yangu ndivyo ilivyo, na vikiota nimpelekee yeye, nisimpelekee uzi. Tumeelewana.

Kifungo nilikwenda naye. Alitaka kukiona. Daktari akamwonyesha kwenye kisahani. Akainama, akakitazama sana, akasema, "Kumbe ni kidogo hivi!"

Sasa nisikilize, na usinikatize.

Barua yako ya huruma nimeisoma, nikaipenda, na nimeikataa. Kuna jambo sikukuandikia. Kifungo alilia siku ile ya kitambaa, na ya pili yake akalia kidogo. Baada ya hapo hakulia tena. Mkono ulikuwa unakuja, unakuta kitambaa, unarudi. Kisha ukaacha kuja. Anauweka chini ya shavu lake, anasikiliza hadithi, analala. Ni hivyo tangu mwezi uliopita. Niliponyamaza kukwambia, nilikuwa navuta siku za kukaa naye.

Alhamisi jioni nilijitayarisha kwa kilio, nikijua sasa hakipo kabisa. Akapanda kitandani, akagusa plasta kwa kidole kimoja, akauliza kama inauma. Nikamwambia hapana. Kisha akaniuliza, "Bibi, nikienda kwa Mama, wewe utalala na nani?"

Hakusema Mama wa simu. Alisema Mama.

Nikamwambia nitalala peke yangu, mimi ni mtu mzima. Akafikiri. Akasema, "Basi nitakuja kukuangalia." Kisha akageukia ukutani, akalala usingizi wake wote. Mimi ndiye niliyebaki macho, nimeshika mkono wake ambao haukuwa umenishika.

Kwa hiyo asiyeweza kulala bila mwenzake si yeye, ni mimi. Nilimsingizia mtoto kwa sababu mtoto habishi. Hilo si jambo la kukunyima mwanao. Nitajifunza kulala kama alivyojifunza yeye, na sina mashaka kwamba nitaweza, nimeshaweza makubwa zaidi.

Nguo zake nimezipanga. Magauni nimeyaachia upindo mrefu, uwe unafumua kadiri anavyokua, na usithubutu kumpa fundi mwingine. Akilala anapenda mlango uachwe wazi kidogo. Hadithi ukikosea kipande atakurudisha nyuma, usibishane naye. Akinuna mwache, baada ya muda mfupi atakuja mwenyewe na swali.

Njoo umchukue. Usingoje mwisho wa mwezi, mwombe msimamizi wako, mwambie mama yako kaamuru. Njoo wiki hii. Ukichelewa nitapata sababu nyingine, unanijua.

Mama yako